Kibanda cha miche kilichoondoa sumu chumbani

KATIKA nyumba moja ya Milanzi, mjini Sumbawanga, chumba cha wazazi kilikuwa na kitanda, sanduku la nguo na duka dogo la pembejeo. Uvunguni kulikuwa na nusu mfuko wa mbolea ya kupandia, mbegu za mahindi zilizobaki msimu uliopita, bomba la kupulizia dawa, pakiti za mbegu za kabichi zilizofungwa kwenye kipande cha kanga, na chupa ya soda ya nusu lita yenye dawa ya wadudu. Dawa hiyo baba wa nyumba alimiminiwa na jirani. Haikuwa na lebo, na rangi yake ilikuwa kama ya chai ya rangi.

Mchana mmoja mtoto wa mwisho, wa miaka minne, alitoka chumbani ameikumbatia ile chupa. Akamwendea bibi yake aliyekuwa uani akimenya maharage, akamwomba amfungulie soda.

Bibi aliipokea. Harufu ilimfikia kabla hajagusa kifuniko. Hakupiga kelele wala hakumchapa mtoto. Alimnawisha mikono kwa sabuni, akaiweka chupa juu kabisa ya kabati la vyombo, akarudi kwenye maharage yake. Jioni mwanawe aliporudi kazini, aliiteremsha na kuiweka mezani mbele ya sahani yake ya ugali.

"Mwanangu, soda hii ni ya nani?"

Kibanda cha miche kilichopo leo uani kwa familia hiyo kilianzia kwenye swali hilo. Mama wa nyumba alikuwa amekiomba kwa miaka miwili kwa ajili ya miche yake, na kila mara alijibiwa kwamba fedha hakuna. Siku ya chupa, habari ya fedha haikuulizwa.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi hawa, lakini sababu yao inaeleweka. Katika nyumba nyingi chumba cha wazazi ndicho chenye mlango unaofungika, na kila kitu cha thamani hukimbilia huko. Ufipa mji na shamba havijaachana. Mwalimu ana shamba, dereva wa bodaboda ana shamba, muuza duka ana shamba la mahindi, maharage au ulezi, na nyuma ya nyumba ana bustani ya mboga. Jembe likiachwa shambani halikutwi asubuhi, hivyo kila jioni shamba zima hurudi nyumbani na kutafuta mahali pa kulala. Likikosa pa kulala, linalala na watoto.

Mabishano ya matofali

Baba huyu ni fundi ujenzi. Pembeni ya uwanja alikuwa na rundo la matofali ya kuchoma yaliyobaki kwenye kazi zake, aliyokuwa akiyahesabu kila mwisho wa mwezi kwa matumaini ya kuongeza chumba cha kupangisha. Mama naye, kwa misimu miwili, alikuwa akikuza miche ya kabichi na chainizi kando ya ukuta wa bafu, chini ya majani ya mgomba. Msimu wa kwanza kuku waliifukua. Msimu wa pili aliizungushia miiba, kuku wakashindwa, ikaja baridi ya Juni na kuikausha pembeni za majani mpaka ikaonekana kama imemwagiwa maji ya moto.

"Mama watoto, matofali haya ni chumba kizima," baba alisema kesho yake asubuhi, japo sauti haikuwa na nguvu ya siku zote.

"Baba watoto, mpangaji atakaa wapi kama tumekwenda kuzika?"

Hayo ni maneno makali, na bibi alimkemea mkwewe kwa kuyatamka. Lakini rundo la matofali lilianza kupungua siku hiyohiyo.

Walichojenga hakihitaji fundi. Ni kibanda cha hatua nne kwa tatu, chenye sehemu mbili chini ya paa mbili tofauti. Sehemu ya kwanza, ndogo, ina ukuta wa matofali pande zote, paa la bati na mlango wenye kufuli: hapo ndipo zana, mbolea na dawa zinapokaa. Sehemu ya pili imesimama juu ya mirunda, imeezekwa nyasi nyepesi zinazopitisha mwanga, na ndani yake kuna meza ya kazi na vichanja vya kupangia miche. Anayeweza kununua neti ya kivuli kwenye duka la pembejeo atumie neti. Nyasi nazo zinafaa, mradi zisipangwe nene kama za nyumba ya kulala.

Jambo ambalo wengi hukosea ni uelekeo. Sumbawanga iko kusini mwa ikweta, hivyo katika miezi ya baridi jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Upepo unaosumbua miche wakati wa kiangazi huja zaidi kutoka kusini mashariki. Kibanda hiki kwa hiyo kimefungwa upande wa kusini kwa ukuta kamili na upande wa mashariki kwa ukuta wa nusu, ili jua la asubuhi liingie juu yake, na kimeachwa wazi upande wa kaskazini. Mwezi Julai, wakati watu wanaota jua ukutani wakiwa wamejifunga mashuka, miche nayo inaota jua.

Kwenye ukingo wa bati, baba aliweka gata ya kuteremshia maji ya mvua kwenye pipa. Pipa lina mfuniko wa mbao wenye komeo. Huo mfuniko aliutengeneza kijana wao wa kidato cha pili baada ya bibi kukataa katakata pipa wazi kukaa uani penye mtoto wa miaka minne. Mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame.

Kufuli lilitangulia

Kabla kiriba kimoja hakijajazwa udongo, kilichoingia kibandani ni sanduku la mbao lenye kufuli, likapigiliwa ukutani juu ya kimo cha mtu mzima. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Familia nyingi hujenga kibanda cha bustani, zikapanga miche vizuri, halafu zikaiacha dawa ilipokuwa kwa sababu "huko ndani ni salama zaidi." Kibanda cha namna hiyo kinakuza kabichi tu.

Bibi aliweka sharti moja: kisicho na lebo hakiingii sandukuni. Chupa ya soda ilikuwa ya kwanza kukataliwa. Baba alikwenda kumwuliza afisa ugani wa kata nini cha kufanya nayo, badala ya kuimwaga chooni au kwenye mfereji kama alivyotaka mwanzoni. Dawa ikimwagwa ardhini haijapotea. Inatafuta njia ya kwenda kisimani.

Sharti la bibi lina maana kuliko linavyosikika. Dawa ya kilimo iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) huuzwa kwenye chombo chake, chenye maelezo. Kwenye lebo kuna ukanda wa rangi unaoonyesha ukali wake: nyekundu ni kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, bluu, kisha kijani. Kijani si ruhusa ya kuchezea. Ni kwamba tu hatari yake iko chini ya zile nyingine. Lebo hiyohiyo ndiyo daktari anayoihitaji mtoto akifikishwa hospitali, kwa maana matibabu ya sumu moja si matibabu ya nyingine. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji imepoteza vyote viwili: onyo kwa mtoto na taarifa kwa daktari.

Na kwa kuwa jambo hili limeguswa, liishie kabisa. Mtoto akidhaniwa amekunywa dawa, mila ya kumnywesha maziwa "yakate sumu" iachwe. Asitapishwe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi, kwani baadhi ya dawa hizo huunguza zikishuka na huunguza tena zikipanda, na nyingine zikiingia kwenye mapafu ndipo huua. Nguo zilizomwagikiwa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni, mtoto akimbizwe kituo cha afya au hospitali pamoja na chombo cha dawa. Chombo hicho kisisahaulike mezani.

Mbegu nazo zina siri yake. Mbegu za mahindi za dukani mara nyingi zimepakwa dawa na kutiwa rangi, nyekundu, kijani au bluu, ili zitambulike. Kwa mtoto, rangi hizo ni pipi. Kwa mtu mzima mwenye njaa mwezi Januari, ni kande zikioshwa mara tatu. Haziliwi hata zikioshwa mara kumi. Kibandani zinakaa kwenye dumu lenye kizibo kinachokaza, ndani ya sehemu yenye kufuli, na siyo jikoni karibu na mahindi ya kula.

Vipo pia vile vidonge vya kufukizia nafaka ili zisiliwe na wadudu. Hivyo havina nafasi kibandani wala popote katika nyumba inayolaliwa. Vikikutana na unyevu hutoa gesi isiyohitaji mtu kuimeza ili imuue. Inatosha kulala chumba kimoja na magunia yaliyowekewa vidonge. Kazi hiyo iachiwe wanaoijua, katika ghala lililo mbali na vitanda.

Chombo cha dawa kikiisha, husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakarudishwa kwenye bomba la kupulizia na kwenda shambani, kisha chombo kikatobolewa. Kutoboa ni kwa ajili ya bibi wa nyumba nyingine, ambaye akiona dumu zuri limetupwa ataliokota la mafuta ya taa, na kesho yake litakuwa la maji ya kunywa.

Meza, udongo na mgongo wa mama

Meza ya kazi kibandani kwa familia hii ni mbao mbili pana juu ya mirunda, zimefika kiunoni mwa mama. Hakuna kitu kilichomfurahisha kama hicho. Mwanamke aliyezoea kujaza viriba akiwa amechuchumaa anajua gharama yake. Mia ya kwanza inakwenda vizuri, kufika mia tatu kiuno hakinyooki. Vichanja vya miche vimefanana na vichanja vya kukaushia vyombo ambavyo kila uwanja unavyo, ila vimeimarishwa zaidi kwa sababu kiriba kilichomwagiliwa ni kizito. Chini ya miguu ya kila kichanja umewekwa majivu, ambayo hubadilishwa yakilowa. Mchwa hawayapendi.

Udongo wa viriba huchanganywa juu ya turubai: ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza ikapoteza harufu, ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. Udongo ukiwa wa mfinyanzi sana mchanga huongezwa. Ukishikwa kiganjani na kubanwa unatakiwa ushikane, kisha ukiguswa kwa kidole uachane. Samadi mbichi haifai. Itaunguza mizizi, italeta magugu ya kila aina, na mtoto anayeichezea peku atapata madhara.

Udongo mzuri wa juu unatoka wapi? Wapo wanaoingia msitu wa Mbizi kuchota, na hilo ni kosa, kwani Mbizi ni hifadhi. Bibi wa nyumba hii alicheka kusikia watu wanauhangaikia udongo. Wafipa tangu zamani wamelima kwa matuta ya intumba: wakati wa mvua, ardhi ikiwa laini, nyasi hukatwa pamoja na udongo na kufukiwa katika vichuguu vikubwa vya duara, zikaoza humo, na msimu unaofuata kichuguu hutawanywa na kupandwa ulezi. Mtu aliyekulia kwenye kilimo hicho haitaji mboji kwa jina la kitaalamu, lakini amekuwa akiitengeneza maisha yake yote. Bibi alionyesha mahali nyuma ya choo cha zamani, mbali na njia ya maji, ambapo intumba moja ya majani, maganda ya maharage na majivu ingekaa, na mwaka uliofuata udongo wa viriba ulitoka hapo.

Mkwewe amekiri kwamba miaka sita wamekaa nyumba moja na hakuwahi kumwuliza jambo hilo.

Vyombo vya kupandia si lazima vyote vinunuliwe. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, lakini viriba vya miche ni vifungashio vya kilimo na bado vinapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Pamoja na hivyo, familia hii hutumia makopo, pakiti za maziwa zilizooshwa na madumu yaliyokatwa kati. Kila chombo lazima kitobolewe chini. Mche hufa kwa kuzama kama kiumbe kingine chochote.

Keni ya kumwagilia wanayo moja, na inagombewa. Hivyo kijana aliunguza matundu madogo kwa msumari wa moto kwenye kifuniko cha dumu la lita 5. Dumu hilo linamwaga manyunyu laini kuliko keni yenyewe.

Baridi, na ugonjwa wa usiku mmoja

Milanzi si Dodoma. Kinachoota kwa siku tano kwingine, hapa Juni na Julai kinaweza kuchukua mara mbili yake au kisiote kabisa. Kabichi na chainizi huvumilia. Nyanya na pilipili hoho hudai joto. Mama alipata njia yake mwenyewe: hupanda mbegu hizo kwenye beseni lililotobolewa, hulifunika kwa nailoni, na kuliweka jikoni kwenye kona yenye joto la moto wa kuni, mbali na cheche. Siku mimea ya kwanza inapotokeza, beseni linahamishwa kibandani asubuhi hiyohiyo. Likicheleweshwa hata siku tatu gizani, miche hurefuka na kuwa myembamba kama inayochungulia dirishani, na haipati nguvu tena.

Usiku wa baridi kali, vichanja hufunikwa kwa viroba vilivyofumuliwa, vikiinuliwa juu ya vijiti ili visiguse majani. Asubuhi jua likitoka vinaondolewa. Wengi hukumbuka kufunika na kusahau kufunua, na mchana miche huiva.

Wakati wa mvua tatizo linageuka. Mvua kubwa ya Januari hufukua mbegu na kurusha matope kwenye majani, na hapo paa la nyasi huhitaji nailoni juu yake. Unyevu ukizidi huja kinyausi. Ugonjwa huu humvunja moyo anayeanza: jioni kitalu kimejaa miche mizuri, asubuhi imelala chali yote, mashina yamenyauka pale yanapoingia ardhini kana kwamba yamebanwa kwa uzi. Hakuna dawa ya kuinua mche uliolala hivyo. Kinachosaidia ni kusia mbegu kwa nafasi badala ya kuzimwaga kama chumvi, kumwagilia asubuhi na siyo jioni, kuacha hewa ipite, na kutotumia tena udongo uliougua. Mama alipoteza beseni zima la nyanya kwa sababu alimwagilia mara mbili kwa siku kwa upendo.

Akikuta mche umekatwa shinani na juu kumelala kijani kibichi, huyo si kinyausi bali sota. Hujificha kwenye udongo palepale alipokata. Binti yao wa darasa la nne hulipwa peremende moja kwa kila sota watatu, na amekuwa mkali kuliko kuku.

Wiki mbili kabla ya kupelekwa bustanini, miche hutolewa kivulini kidogokidogo: kwanza saa moja la jua la asubuhi, kisha mawili, kisha mchana wote, na maji yakipunguzwa. Kabichi iliyokuzwa vizuri iko tayari kati ya wiki ya nne na ya sita, kitunguu huchukua wiki mbili zaidi, na kwa baridi ya Ufipa asiyeongeza siku kwenye hesabu hizo atakuwa anahamisha watoto wachanga.

Upande wa nyuma wa kibanda kuna viriba vikubwa zaidi, thelathini, vya parachichi. Kokwa huchukuliwa kwenye tunda lililoiva juu ya mti, siyo lililookotwa likiwa limeoza chini, hupandwa zingali mbichi, upande mpana ukiwa chini na ncha ikitazama juu. Huota kwa mwezi mmoja au zaidi. Shina likifika unene wa penseli ndipo hubebeshwa tawi la aina inayotakiwa sokoni. Kazi hiyo ina ufundi wake, kisu kikali na mikono safi, na mtu huanza kwa kuharibu mingi. Baba, aliyekuwa akiita kibanda "cha mama watoto," ndiye sasa anayeharibu mingi.

Kazi ya watoto

Katika nyumba nyingi kumwagilia bustani ni adhabu. Aliyechelewa kurudi dukani atamwagilia. Aliyepigana na mdogo wake atang'oa magugu. Mtoto anayekua hivyo akifika umri wa kuchagua, atachagua kuishi mbali na udongo, na mzazi atashangaa.

Kibandani kwa familia hii kila mtoto ana kichanja chake. Binti ana daftari: tarehe ya kusia, tarehe ya kuota, idadi iliyosiwa, idadi iliyoota. Aliposia mbegu 80 na zikaota 60 alikuja kuuliza mwenyewe hiyo ni asilimia ngapi, swali ambalo darasani lilimtoa machozi. Kijana ana miche ya sukuma wiki anayowauzia majirani, na fedha yake haiguswi na wazazi hata ikikopeka. Mama anasema hilo ndilo sharti gumu kuliko yote aliyojiwekea. Mdogo ana makopo mawili ya maharage na hakuna anayemwelekeza cha kufanya nayo. Amekwisha kuyafukua mara kadhaa kuangalia kama yameota.

Kwa wote, viatu ni lazima, iwe kandambili au yeboyebo, kwa ajili ya safura na misumari. Panga na majembe hutundikwa ukutani, makali yakitazama ukuta. Kazi ya asubuhi kabla ya shule haizidi kumwagilia, na siku ya kupulizia dawa hakuna mtoto anayekaribia, wala bomba halioshwi kwenye karo la vyombo. Ufunguo wa sehemu ya dawa unakaa kwa bibi, kwenye pindo la kitenge chake. Baba akitaka dawa anamwomba mama yake kama alivyokuwa akimwomba fedha ya daftari, na mwanzoni halikumpendeza.

Mwezi uliopita jirani yule alimwita tena juu ya ua. Viwavi walikuwa wameingia kwenye mahindi yake, amenunua dawa nyingi, akaona amgawie mwenzake kidogo. Alikuwa tayari ameimimina kwenye chupa ya maji.

"Nashukuru, ndugu yangu," baba alimjibu, mikono ikiwa imejaa udongo wa viriba. "Ila sina pa kuiweka."

Jirani alikitazama kibanda chote, bati, nyasi, mlango na kufuli lake, akatazama na chupa. Kisha akauliza kama matofali yale ni ya kununua au yalibaki tu kwenye kazi.